Nilivyotuliza kelele za Benzi ya marehemu mzee, kuanzia boneti mpaka chini ya kapeti

Mama yangu akiwa safarini anapenda kuongea, lakini kwa miaka kama mitano hivi tulikuwa tunatoka naye Tanga kwenda Dar kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kliniki yake na njia nzima tuko kimya. Hatujagombana wala nini, ni gari lenyewe lilikuwa haliruhusu. Ni Benzi 240D, ile W123, ameiacha marehemu mzee, na ukishavuka spidi 70 ule mngurumo unaingia ndani mpaka ukitaka kumwambia kitu mtu wa siti ya nyuma inabidi upaze sauti kama unamwita mtu ng'ambo ya mto, sasa mama yako mzazi utampigiaje kelele namna hiyo kilomita mia tatu na ushee? Tukifika Chalinze ameshajifunga kichwa na kanga, macho kafumba, kichwa kinamgonga. Siku moja tumerudi nyumbani ndo akaniambia, taratibu tu bila lawama, "Mwanangu, gari la baba yako nalipenda, lakini linanipigia ngoma kichwani, safari ijayo bora nipande basi."

Ile kauli iliniuma sana. Gari hilo mzee alilitunza kama mtoto, kila Jumapili baada ya kanisa lazima analifuta vumbi mwenyewe, na sasa mke wake analikimbia. Nikasema hapana, lazima nifanye kitu.

Kwa asiyezijua hizi gari, W123 zilianza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1976 zikaendelea mpaka mwanzoni mwa 1986, zikatengenezwa karibu milioni 2 na laki 7. Hii ya kwetu ina injini ya dizeli ya silinda 4, ukubwa wa kama sisi (cc) 2400, nguvu farasi 72 tu kwa mwili mzito vile, kwa hiyo ukitaka kwenda lazima uikanyage, na ukiikanyaga inaongea. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama petroli, hewa inakandamizwa mpaka inapata moto yenyewe, kwenye hii injini ni mara 21, afu mafuta yakipulizwa pale ndani yanalipuka ghafla, ndo ule mlio wa kokokoko mnaousikia asubuhi gari likiwa baridi. Ni asili yake. Huwezi kuifanya ikawa kimya kama gari la umeme na usijaribu, ila kelele ya asili ni moja na kelele ya uchakavu ni nyingine, na mi nilikuwa sijui kuzitofautisha.

Nilianza kwa kufungua boneti. Chini ya boneti kiwandani walibandika sponji nyeusi nene, kazi yake kunyonya sauti na kukinga rangi ya boneti isiungue na joto. Ya kwetu ilikuwa imekufa. Ukiigusa na kidole inaanguka kama keki iliyokaa wiki, unga mweusi unanata kwenye mkono, na vipande vilishadondoka kila mahali, juu ya betri, kwenye feni, kwenye vile vitobo vya kutolea maji ya mvua chini ya kioo cha mbele, mpaka nikifungua eaklina, lile boksi la chujio la hewa, nakuta unga umelala juu ya chujio. Sponji za aina ile zikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu zinavunjika zenyewe, na Tanga yetu unyevu tunao wa kutosha, huhitaji kuambiwa.

Sasa kosa langu la kwanza, na naliandika kwa sababu najua kuna mtu leo hii anataka kulifanya. Nilienda kwa fundi wa siti, akaniambia hamna shida, akanikatia sponji ya godoro ya inchi moja, akaibandika kwa gundi ileile anayobandikia siti, juu akavisha kitambaa cheusi, ikapendeza kweli. Nikalipa nikaondoka nimefurahi. Wiki ya pili hivi natoka Tanga na mzigo, nimepita Muheza pale wanapouza machungwa, nasikia harufu. Kwanza nikadhani ni mtu anachoma taka barabarani. Harufu ikazidi, nikaona moshi mwembamba unatoka ubavuni mwa boneti. Nikaweka pembeni, nikazima, nikafungua. Gundi ilikuwa imelainika na joto, sponji imening'inia upande mmoja kama ulimi na ncha yake imelala juu ya manifoldi ya ekzosi, lile bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini, imeshaanza kuyeyuka na kitambaa kinafuka. Nilikuwa na mtungi wa kuzimia moto, nikapuliza, basi ikaishia hapo. Lakini ningechelewa dakika tano? Tena sponji ile ilikuwa imeshaanza kunyonya mvuke wa mafuta, ukiiminya inaacha alama ya oili mkononi. Yani nilikuwa nimening'iniza utambi juu ya injini. Mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kufunga kifuniko cha mtungi.

Nilikaa pale nusu saa nikila chungwa moja ambalo hata sikulihisi ladha, nikafikiria kama mama angekuwemo.

Baada ya hapo nikamtafuta mzee mmoja, fundi wa zamani aliyekuwa akilitengeneza hili gari tangu enzi za baba, sasa hivi hafanyi kazi sana, anakaa tu nyumbani kwake barabara za huko ndani na vijana wanamletea kazi moja moja. Nikafika, "shikamoo mzee," "marahaba baba, hilo gari mbona linalia hivyo?" Yani sijashuka ameshasikia. Akanambia usizime, akaja akaweka kiganja juu ya bati la juu ya tairi la mbele, akakaa kimya kama daktari anasikiliza kifua, afu akauliza valvu mara ya mwisho zilisetiwa lini. Sikujua. Akauliza mauntingi za injini je? Sikujua pia. Nikamwambia mi nimekuja kwa ajili ya sponji ya kuzuia sauti, akasema sponji itakuwa ya mwisho, "hiyo ni shuka, huwezi kumfunika mgonjwa shuka ukasema umemtibu."

Basi tukaanza upya kwa mpangilio wake na nashukuru Mungu nilimsikiliza.

Siku ya kwanza ilikuwa valvu. Injini hii inatakiwa kusetiwa ikiwa baridi, valvu za kuingiza hewa nafasi yake milimita 0.10 na za kutolea moshi 0.30, na zinabana zenyewe kadiri unavyotembea kwa hiyo lazima kila baada ya kilomita fulani ziangaliwe. Za kwetu zilikuwa hovyo, moja ya moshi fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ilikuwa haipiti kabisa, nyingine imelegea inagonga. Kazi inataka spana mbili za 14 nyembamba, moja unashika nati ya juu nyingine ya chini, na subira, maana ukikaza inasogea unarudia tena. Mzee aliziseti mbili za kwanza afu akanipa spana mi nimalizie, akawa anakagua kila moja kwa kuvuta fila geji, anasema "inatakiwa ukiivuta uisikie kama unavuta karatasi kutoka kwenye daftari lililofungwa."

Afu mauntingi. Hizi ni zile raba ambazo injini inakalia. Zikiwa nzima, mtetemo wa injini unafia pale kwenye raba. Zikifa, injini inakalia chuma juu ya chuma na gari zima linageuka ngoma, bodi, dashibodi, mpaka kioo cha pembeni kinatetemeka huoni nyuma. Za kwetu zilikuwa zimelowa oili zikavimba afu zikasagika, moja imebonyea kabisa. Tukabadilisha mbili za injini na moja ya gia boksi, na vile vishokapu vidogo vinavyoishika injini isirukeruke. Spea nilitumiwa kutoka Gerezani pale Dar, zikaja na basi.

Nilikuwa na programu ya kupima kelele kwenye simu, sio kipimo cha maabara ila kama unatumia simu ileile, mahali palepale, barabara ileile, inakupa picha. Kabla ya chochote, gari likiwa limesimama linaunguruma, ndani ilisoma desibeli 66, hicho ndo kipimo cha ukali wa sauti. Baada ya valvu na mauntingi ikasoma 61. Bado sijabandika hata kipande cha sponji. Na kwa kawaida ukipunguza desibeli 10 sikio linasikia kama kelele imekuwa nusu, kwa hiyo 5 sio kidogo. Ila barabarani kwenye spidi 80 ilikuwa 78 ikashuka 77 tu, hapo nikavunjika moyo kidogo.

Mzee akasema sasa tuje kwenye matundu.

Hili ndo jambo nililokuwa silijui kabisa na ndo limeleta mabadiliko makubwa kuliko yote. Kati ya injini na miguu yako kuna ukuta wa bati. Ukuta huo una matundu ya kupitisha nyaya, kebo ya spidi, mipira ya hita, usukani, pedali, na kila tundu kiwandani waliliwekea raba yake. Miaka 40 baadae raba zimekauka, nyingine zimeanguka, na kila fundi wa redio au alamu aliyepita ametoboa lake akaondoka. Sauti ni kama maji, inapita penye upenyo. Piga hesabu, una ukuta ambao peke yake unapunguza desibeli 40, ukiuacha wazi asilimia moja tu ya eneo lake, huo ukuta wako wote unabaki wa desibeli 20, hata ungeuvalisha godoro kumi. Hiyo ni hesabu tu, na mi niliihakikisha kwa sikio.

Namna ya kuyaona matundu alinifundisha yeye. Usubiri usiku, uweke taa kali ndani ya injini, ushushe boneti bila kuikaza, halafu uingie ndani ya gari ujilaze kichwa chini ya dashibodi, taa zote zimezimwa. Nilimwita kijana wa dada yangu akashike tochi nje aizungushe pole pole. Nikalala chali miguu iko juu ya siti, mgongo umekunja, giza totoro, mara naona nyota. Ya kwanza pale kebo ya spidi inapopita, mwanga mwembamba kama sindano. Ya pili pembeni ya usukani, kama mwezi mchanga. Ya tatu kubwa kabisa, tundu zima la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, limeachwa wazi na mtu aliyetoa alamu ya zamani, na kupitia hapo naona mpaka kifuniko cha betri. Nikahesabu saba. Saba! Kijana ananiuliza huko nje "mjomba, bado?" na mi nimeganda tu nayaangalia, nawaza miaka yote mitano mama amekaa nyuma akipigwa na kelele zinazopita hapa.

Nikayawekea alama kwa chaki. Kesho yake nikatafuta raba za saizi tofauti, nyingine nilichonga mwenyewe kutoka kwenye raba ngumu, lile la sarafu nikaliziba kwa kipande cha bati na raba katikati na skrubu. Buti za pedali, zile raba za pale pedali zinapopita ukutani, nikabadilisha. Penye nyaya nyingi ambapo raba haikai nikatumia butili, ile raba laini inayonata, unaikanda kwa vidole unaizungushia. Usitumie silikoni ya bafuni hapo, inakauka inaachia, na ukitaka kupitisha waya mwingine siku za mbele utailaani.

Nilipokuwa huko chini nikaona nimalize kabisa, nikang'oa kapeti ya mbele, nikasafisha bati kwa upande wa ndani, nikabandika karatasi za butili zenye foili juu, zile za milimita 2, nikazikandamiza na kirola kidogo mpaka vile vinundu vya foili vikalala. Hizi kazi yake sio kuzuia sauti moja kwa moja, ni kuliongezea bati uzito lisitetemeke. Ukigonga bati kabla linasema nding, ukigonga baada linasema du. Huhitaji kufunika kila sehemu, ukifunika katikati ya kila bapa inatosha, gari lina farasi 72 tu usiliongezee mizigo. Juu yake nikatandika felti nene halafu kapeti ikarudi. Kuna mtu alinishauri nitumie lami ile ya kuzibia paa, ni rahisi na inafanana. Nikachukua kipande nikabandika kwenye bati la kawaida nikaliegemeza juani. Saa nane mchana kilikuwa kimeteleza karibu upana wa kidole na kinanuka. Weka hiyo ndani ya gari uone.

Nikaingia barabarani, palepale kwenye 80, simu ikasoma 73. Kutoka 77. Kazi ya raba na kapeti.

Ndo sasa tukafika kwenye boneti, ambako mi nilidhani ndo mwanzo.

Kutoa ile ya zamani pamoja na mabaki ya gundi ya fundi wa siti kulinichukua siku mbili nzima na sitadanganya mtu kuwa kuna njia ya mkato. Uzuri wa W123 boneti yake ina kitasa pale kwenye bawaba, ukikiachia inasimama wima kabisa nyuzi 90, unafanya kazi umesimama kama unapaka ukuta. Ila wima hivyo inashika upepo kama tanga la ngalawa, kwa hiyo chagua mahali pamejificha, na usilifanye mchana wa upepo wa bahari. Injini nzima niliifunika shuka la zamani lililoloweshwa maji likakamuliwa, ili ule unga ukidondoka unase. Mdomo wa kuvutia hewa nikauziba na kitambaa chekundu, chekundu makusudi, ili nisisahau kukitoa. Vaa barakoa na glovu, ule unga sio wa kuvuta.

Kwanza unakwangua pakavu kwa kikwaruzo cha plastiki, usitumie kisu cha chuma, utafika kwenye bati. Gundi inayobaki unailowesha na mafuta ya taa, unaiacha dakika kumi na tano inavimba, unaikwangua tena, unarudia. Mwisho kabisa unafuta na tina kidogo kwenye kitambaa, kidogo, na ujaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana maana tina inakula rangi. Mi nilijaribu kona ikawa sawa. Chini ya sponji nikakuta kutu sehemu tatu, sponji iliyolowa ilikuwa inashikilia maji pale miaka na hewa yetu ya chumvi ikamalizia. Brashi ya waya, msasa, dawa ya kutu, praima, rangi, siku mbili ikauke. Usibandike kitu juu ya kutu kwa sababu tu haionekani, hiyo boneti hutaipata nyingine kirahisi.

Kuhusu unene, hapa ndo watu wengi wanakosea, wanachukua nene wakidhani nene ni bora, boneti inafungwa kwa nguvu na sponji inakaa juu ya kitu cha moto. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati, nikamwomba madonge matano madogo. Akaniangalia tu, akanipa. Nikayafunga kwenye plastiki nyembamba, nikayaweka sehemu zote za juu za injini, juu ya eaklina, kifuniko cha valvu, karibu na redieta, nikashusha boneti taratibu mpaka ikajifunga, nikafungua. Donge la juu ya eaklina lilikuwa limebonyea likabaki milimita 27. Mengine yote hayakuguswa vizuri. Ukumbuke injini yenyewe inacheza, ukiwasha inatikisika na ukizima inatikisika zaidi, kwa hiyo unahitaji nafasi ya sentimita moja angalau. 27 toa 10, nabaki na 17, nikachukua sponji ya milimita 15 badala ya 20 niliyokuwa nimeshaiulizia bei.

Na aina ya sponji, safari hii sikumwamini mtu. Nilikata vipande vidogo vya kila aina niliyoonyeshwa, nikaenda uwanjani mbali na nyumba, nikashika kila kimoja kwa koleo nikakiwasha na kiberiti. Ile ya godoro ilishika moto papo hapo ikawa inadondosha matone yanayowaka kama mshumaa. Nikaikumbuka Muheza. Ile iliyotengenezwa maalum kwa ajili ya injini ilikuwa nyeusi na ngozi laini juu isiyonyonya oili, ukiiwasha inaungua pale penye moto, ukitoa kiberiti inajizima. Nikaichukua hiyo. Kama kipande hakijizimi chenyewe usikipeleke chini ya boneti, hata ukipewa bure. Zipo pia zilizokatwa tayari kwa umbo la W123, unaagiza nje, ukiweza kusubiri na kulipia usafiri nadhani ndo njia safi kuliko zote, mi nilikuwa na kliniki ya mama mwezi ule.

Nikatengeneza ramani kwa maboksi niliyoyaunganisha na gundi ya karatasi, nikaijaribu kwenye boneti, nikapunguza hapa na pale, kitasa kinapoingia, pua za mbele, halafu ndo nikakata sponji kwa kisu kipya chenye makali. Gundi nikatumia ya kuvumilia joto, ya kupaka pande zote mbili. Unapaka boneti, unapaka sponji, unasubiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa hainati kidole, ndo unabandika. Ukibandika mbichi haishiki. Na ikishagusana imegusana, hakuna kuivuta, kwa hiyo anza katikati juu, mwenzako ashike pembe za chini mbali na boneti, unaishusha kidogo kidogo unakandamiza kuelekea nje. Sisi tulikuwa watatu. Tulifanya saa nne asubuhi, umande umeshakauka na jua halijawa kali, maana unyevu ukiwa mwingi ile gundi wakati inakauka inavuta maji juu yake inakuwa nyeupe nyeupe, haishiki tena.

Afu sikuiachia gundi peke yake. Nikaweka klipu za plastiki zenye kofia pana kuzunguka pembeni, kwenye vitundu vilivyopo tayari kwenye mbavu za boneti, sikutoboa kipya. Gundi ikifa siku moja, klipu zinaishika. Nikatoa kile kitambaa chekundu, nikatoa shuka, nikawasha, nikaacha liungurume dakika ishirini huku nachungulia na mtungi uko mkononi.

Ukweli wa boneti sasa. Ndani ya gari kwenye 80 ilisoma 72. Desibeli moja tu zaidi. Lakini ukisimama nje mbele ya gari tofauti unaisikia waziwazi, ule mlio mkali wa chuma umelainika, umebaki mngurumo wa chini chini ambao sponji haiuwezi, maana sponji inanyonya sauti kali nyembamba, zile nzito zinapita tu. Likiwa limesimama, ndani sasa ni 58. Na joto la injini halikubadilika, mshale unakaa palepale karibu na nyuzi 80 na kitu, nililiangalia hilo kwa makini wiki mbili nzima kwa sababu niliogopa nimelivalisha sweta.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, hela aliyonayo ni ya kitu kimoja tu, namwambia nunua raba za matundu na uazime tochi.

Safari ya kwanza na mama tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa sijamwambia chochote cha desibeli. Tumepita Pongwe, kimya. Tumepita Muheza, nikahisi moyo unadunda, kimya bado, nikadhani kalala. Karibu na Segera ndo nasikia sauti yake kutoka nyuma, sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyekaa sebuleni, "unajua baba yako siku analileta hili gari nyumbani alilipitisha kwanza kwa bibi yako kabla yangu, nilinuna siku mbili." Sikuwahi kuisikia hiyo hadithi. Akaendelea, mara nani alikuwa wa kwanza kutapika ndani ya gari, mara jinsi walivyokwama kwenye matope usiku yeye akiwa na mimba yangu na mzee akavua shati akalitandika chini ya tairi. Mpaka Chalinze hakunyamaza, na kanga ilikuwa mabegani.

Masika yaliyopita nilifungua boneti kukagua, kona ya kushoto ya chini ilikuwa imenyanyuka kama sentimita mbili, pale maji yanapojikusanya. Nimeikausha, nimeongeza gundi na klipu mbili. Vitobo vya kutolea maji nimevisafisha na waya mwembamba. Sasa hivi mlio unaosikika zaidi ni wa nyuma, upande wa difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, na yule mzee fundi ameshaniambia nimletee gari Jumamosi, nisinunue kitu kwanza.